Njia ya Kwenda Ziwani

Wasomaji wetu wa Mkange na Miono, na wa vijiji vingine vya mashambani katika nchi ya Bagamoyo, wajua vema thamani ya maji yaliyotuama. Masika hunyesha tangu Machi hata Mei, na vuli tangu Oktoba hata Desemba. Lakini kati ya mvua na mvua vijito vingi hukauka, na hapo watu na mifugo hutafuta mabwawa na maziwa madogo yaliyobaki. Leo twapenda kueleza jambo liletalo maneno mengi vijijini: ziwa dogo likizungukwa na mashamba, je, ifanywe njia ya watu wote kulifikia? Na ikifanywa, ifanywe namna gani?

Zamani swali hili halikuulizwa sana. Mashamba yalikuwa mbalimbali, na mtu alipita kando ya muhogo wa jirani yake kwa salamu tu. Sasa ardhi imepata bei. Barabara ya pwani iungayo Bagamoyo na Pangani hata Tanga hupita Mkange, na kila barabara itengenezwapo, wanunuzi wa mashamba huongezeka. Mnunuzi hutia uzio, na njia waliyoipita mababu hufungwa kwa siku moja. Hakuiba maji ya mtu; amezungushia lililo lake. Lakini mama aliyekuwa akienda kuteka na kurudi kabla jua halijawa kali, sasa huzunguka asubuhi nzima.

Jambo hili likiletwa barazani, maneno husikika ya namna nne. Wa kwanza ni wateka maji, nao wataka njia fupi, pana na wazi, wasipite vichakani penye nyoka. Wa pili ni wafugaji, ambao husema kwamba ng'ombe hawawezi kungoja; wasipopewa njia yao watapita katika mahindi, na hapo huanza ugomvi baina ya mkulima na mfugaji. Wa tatu ni wenye mashamba ya kando ya ziwa. Hao huuliza: Nani atalipa mazao yatakayokanyagwa? Nani atawazuia wezi na wachoma moto? Wa nne ni wazee na walimu, wahofuo kwamba njia ikiwa wazi kwa kila mtu, ziwa litachafuka, samaki watamalizwa kwa nyavu za matundu madogo, na watoto watazama au kupata kichocho.

Sisi twaona kwamba hakuna hata mmoja wa hao asemaye upuuzi. Kichocho huenezwa na konokono waishio katika maji yaliyotulia, na mtu akikojoa au kunya majini huwapa ugonjwa, nao huurudisha kwa waogao. Tena katika nchi za karibu na mto Wami na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, mamba na viboko si hadithi. Basi yafaa kila neno lisikilizwe kabla ya kuamua.

Sasa tutazame sheria, maana wengi hudhani yasema lisilosemwa. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yasema kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Mtu afikaye kwenye maji kwa njia ya halali aweza kuteka kwa matumizi ya nyumbani bila kibali. Lakini angalieni maneno haya, "kwa njia ya halali." Sheria imempa mtu maji, haikumpa ruhusa ya kukata shamba la mwenziwe ili ayafikie. Hapo ndipo penye fundo la jambo lote. Haki ya maji bila njia ni kama kuwa na sanduku na kukosa ufunguo.

Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo yule alimaye hata matopeni, na yule ajengaye nyumba ukingoni, hawana nguvu ya kusema, "Hapa ni pangu hata majini." Lakini meta 60 hizo zimewekwa ili kuyalinda maji. Hazikufanywa kuwa zizi la ng'ombe wala uwanja wa kufulia nguo.

Njia yenyewe yaweza kupatikana kwa amani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imekipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya wote. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, na mkutano mkuu wa kijiji, ndio watu wazima wote, huamua. Kisha ardhi hiyo huandikwa katika daftari. Mwenye shamba atakayepunguziwa apewe fidia ya haki, kwa kuwa Katiba yakataza kumnyang'anya mtu mali yake bila fidia. Ugomvi ukitokea, liko baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, na watatu kati yao hawana budi kuwa wanawake. Jambo hili ni jema, kwani wanawake ndio wajuao uzito wa ndoo.

Mfano wa ziwa dogo lenye njia ni Duluti, karibu na Tengeru katika nchi ya Arusha. Ziwa hilo limezungukwa na msitu wa hifadhi, na nje ya msitu yako mashamba na nyumba za watu. Wageni huingia kwa mlango na kulipa ada, kisha hutembea kwa njia iliyopangwa chini ya miti. Hatusemi kila kijiji kiweke mlango na ada. Mteka maji si mtalii. Lakini twajifunza kwamba njia moja iliyopangwa huharibu ukingo kidogo kuliko vijia vingi visivyo na mwenye kuviangalia.

Basi shauri letu ni hili. Njia ya watu na njia ya mifugo zitengwe. Ng'ombe wanyweshwe katika birika lililo mbali na ukingo, maji yavutwe hadi hapo. Mahali pa kuteka pawe pamoja, nao wafuaji wafulie mbali na maji. Miti ya ukingoni isikatwe. Tena watumiaji wafanye jumuiya yao, na waombe shauri kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Lakini la kwanza kuliko yote ni kuandika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Njia iliyomo vichwani mwa wazee hufa pamoja nao, na mnunuzi mgeni hawezi kuiona. Njia iliyopimwa, ikawekewa alama na kuandikwa kabla shamba halijauzwa, hata mgeni ataiheshimu. Wenyeviti na walimu, msingoje uzio usimame ndipo mwite mkutano.