Kompyuta Mbili Zisiposikilizana Nyumbani

Askari arejeapo likizoni hutamani kuziona picha za watoto zilizohifadhiwa katika kompyuta kongwe ya nyumbani. Kompyuta yake mpya huliona jina la folda, lakini mlango haufunguki.

Kwanza yapasa kuhakikisha kwamba zote mbili zimeunganishwa na ruta moja, na kwamba mtandao umewekwa kuwa wa faragha, si wa hadhara. Pili, jina na neno la siri litakiwalo ni la kompyuta yenye folda. Tatu, ruhusa ni mbili: ya kushirikisha, na ya folda yenyewe, iliyo kali zaidi ndiyo itawalayo.

Ikishindikana bado, huenda kompyuta kongwe yazungumza kwa SMB1, lugha ya zamani ya kugawana mafaili. Kasoro ya lugha hiyo ndiyo iliyoipitisha WannaCry mwezi Mei 2017, ikafunga mafaili, ikadai fedha, na kuvuruga hospitali za Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huo Microsoft ilianza kuiondoa katika Windows 10.

Wako wanaoirudisha kwa haraka. Huko ni kung'oa komeo kwa kuwa ufunguo umesahauliwa. Heri picha zihamishwe kwa flashi. Nyumba ibaki salama.