Kompyuta Inayowatafuta Wagonjwa Walio Hatarini

Methotreksati ni dawa ambayo mgonjwa wa baridi yabisi humeza mara moja tu kwa wiki. Akiimeza kila siku inaweza kumuua, maana huzuia uboho kutengeneza chembe za damu. Kosa lenyewe halihitaji uzembe mkubwa: cheti cha dawa hakikutaja siku, na mgonjwa ambaye dawa zake nyingine zote ni za kila siku akafuata mazoea.

Nchini Uingereza, ambako karibu kila mtu amesajiliwa kwa daktari wa familia, makosa ya namna hii yamepigwa vita kwa kompyuta tangu zamani. Mwaka 1970 John Preece, daktari wa Exeter, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia akiwa na mgonjwa. Cheti kilichochapwa kilisomeka, na mwenye presha hakulazimika tena kuandikiwa upya kwa mkono dawa zilezile miaka nenda miaka rudi.

Baadaye mifumo ikapewa uwezo wa kuonya. Daktari akimwandikia mwenye pumu propranololi, ambayo hubana njia za hewa, skrini inamzuia kwanza. Lakini maonyo yakazidi. Onyo la kifo na la jambo dogo hutokea kwa sura ileile, huku mgonjwa ameketi mbele na wengine wanasubiri nje. Daktari anabofya na kuendelea. Utafiti ulioongozwa na Tony Avery wa Nottingham, uliotolewa mwaka 2012, ulikuta kosa katika takriban dawa 1 kati ya kila 20 zilizoandikwa na madaktari wa familia. Mengi yalikuwa madogo. Yaliyo makubwa yalikuwa kama 1 katika kila dawa 550. Na kompyuta zilikuwa tayari mezani!

Naamini kazi bora zaidi ya kompyuta huanza mgonjwa akishaondoka. Mwaka huohuo jarida la The Lancet lilichapisha jaribio liitwalo PINCER, lililohusisha vituo 72 vya madaktari wa familia. Programu ilipekua kumbukumbu zote za kituo. Nani aliwahi kuugua vidonda vya tumbo na sasa anapewa diklofenaki bila dawa ya kukinga tumbo? Mzee gani wa miaka 75 au zaidi anatumia vidonge vya kukojosha na hajapimwa damu kwa miezi 15 kuona kama figo ziko salama?

Vituo vingine vilipewa orodha ya majina pekee. Vingine viliongezewa mfamasia, aliyekaa na madaktari kwa wiki 12 akifuatilia jina moja baada ya jingine: huyu abadilishiwe dawa, yule aitwe apimwe. Miezi 6 baada ya hapo, wagonjwa walio hatarini walikuwa wachache zaidi pale palipokuwa na mfamasia. Orodha bila mtu wa kuishughulikia haikufua dafu.

Tena mfamasia huuliza lile ambalo kompyuta haiwezi kulijua. Ibuprofeni aliyojinunulia mgonjwa dukani haimo kwenye kumbukumbu, na huchokonoa vidonda vya tumbo sawasawa na ile iliyoandikwa na daktari.