Resori ngumu ya gari la mashindano haifai barabara za Goma

Mjini Goma kuna vijana wanaopeleka gari garaji na kuomba resori zikatwe mzunguko mmoja au miwili, ili gari likae chini kama lile la mashindano. Kweli gari linashuka. Lakini resori iliyokatwa inakuwa pia ngumu zaidi, na gurudumu likining'inia kwenye shimo, inaweza kuchomoka mahali pake.

Ugumu wa resori hupimwa kwa newton kwa kila milimita. Tuseme gurudumu moja linabeba kilo 300, na resori yake ni ya newton 20. Gari litapanda na kushuka mara 1,3 hivi kwa sekunde, na abiria hachoki. Kwa resori ya newton 40 inakuwa karibu mara 1,8, kiasi cha gari la michezo kwenye uwanja laini. Magari ya mashindano yenye mabawa hufika mara 3 na zaidi, kwa sababu upepo huyakandamiza sana. Resori laini ingeacha tumbo la gari liguse lami.

Hata huko ugumu una bei. Juni 2022, mjini Baku, Lewis Hamilton alishuka kwenye gari lake la Formula 1 akijishika mgongo. Magari ya mwaka huo yalikuwa ya chini, magumu, na yalirukaruka. Miezi miwili baadaye, FIA iliweka kikomo cha mruko huo. Kwenye Safari Rally ya Kenya, ambako njia ni mawe na vumbi, mambo ni kinyume: magari huinuliwa ili magurudumu yapate nafasi ya kupanda na kushuka.

Goma inafanana zaidi na njia hiyo ya Kenya. Juu ya mawe ya volkano, resori ngumu hurusha gurudumu, na tairi isiyogusa chini haishiki breki wala kona.

Taksi inayojaza watu kila siku ni habari nyingine. Ikigonga chini kwenye kila shimo, resori za nyuma zenye ugumu kidogo zaidi zinafaa, pamoja na amotisere zinazolingana nazo. Vipande vya mpira vinavyobanwa katikati ya mizunguko ni dawa ya bei rahisi tu, tena mbaya vikiwekwa upande mmoja. Badilisheni kushoto na kulia pamoja, kisha jaribuni breki taratibu kabla ya kupakia abiria.