Majengo ya Kale ya Unguja (5): Hamamu ya Kidichi

Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 katika shamba la Seyyid Said bin Sultan, kiasi cha kilomita 11 kaskazini mashariki ya mji wa Unguja. Alijengewa mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, mjukuu wa Shah Fath Ali. Walikuwa wakija shamba kuwinda na kutazama kazi za mikarafuu, na hapo ndipo walipoondoa vumbi na uchovu. Kando yake palikuwa na jumba dogo la mapumziko, linalosadikiwa kuwa la mbao, ambalo limetoweka kabisa. Hamamu imebaki kwa kuwa ni ya mawe na chokaa.

Salme, bintiye Seyyid Said, ambaye maelezo yake juu ya mabirika ya kuogea ya Mtoni yamekwisha kutajwa katika mfululizo huu, anamkumbuka Shehrzad katika kitabu chake cha mwaka 1886 kuwa mwanamke mzuri wa sura, mpenda farasi na uwindaji, ambaye desturi zake ziliwashangaza wake wenzake. Ndoa haikudumu. Alipewa talaka akarudi kwao.

Jengo lenyewe si kubwa. Aingiaye hupita kwanza chumba cha kuvulia nguo, chenye mabaraza ya mawe, kisha hufika penye hodhi chini ya kuba. Mwanga hushuka kutoka matundu ya duara yaliyo juu kwenye kuba. Pamewekwa pia mahali pa kukandwa mwili, na choo. Katika hamamu moto hauwashwi pale wanapokaa waogaji. Huwashwa pembeni au chini, ukapasha maji na sakafu, ili mtu atokwe jasho kwanza, asuguliwe, akandwe, ndipo ajimwagie maji. Raha hiyo ilitaka kuni nyingi na maji mengi, na mashamba ya Seyyid Said yaliendeshwa kwa jasho la watumwa. Mgeni husimuliwa habari za mjukuu wa Shah. Ni haki asimuliwe pia habari za waliochota maji na kupasua kuni, maana bila wao hodhi lingekuwa shimo kavu.

Nakshi ndizo fahari ya Kidichi. Kutani mna maua na ndege waliotengenezwa kwa lipu ya chokaa kwa mtindo wa Kiajemi. Jambo hili si dogo kwa Unguja ya wakati ule. Watawala walikuwa Maibadhi, watu wa majengo yasiyo na mapambo mengi, na sura za viumbe hai hazikuwa kawaida majumbani mwao. Hamamu ya Kizimbani iko jirani tu, katika shamba lililokuwa la Saleh bin Haramil kabla Seyyid Said hajalitwaa, nayo kuta zake ni tupu. Ukitoka moja ukaingia nyingine, ndipo unapoona wazi kwamba Kidichi ilifuata ladha ya bibi aliyejengewa.

Chokaa ya nakshi hizo inastahili maelezo kuliko inavyopewa. Matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, yaani tanuu, yakachomwa hadi hewa ya kaboni iliyomo ndani ya jiwe itoke. Kinachobaki humwagiwa maji, kikachemka na kuumuka, kisha huachwa kilowe kwa muda mrefu. Kadiri kinavyokaa ndivyo lipu inavyokuwa laini. Ikishapakwa ukutani huivuta tena taratibu ile hewa iliyopotea, ikarudi kuwa jiwe. Ukuta wa namna hii hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata njia ya kutoka. Saruji huuziba. Unyevu ukikosa njia, chumvi hujikusanya ndani, na siku lipu ya saruji inapobanduka hung'oka na uso wa jiwe. Kuziba nyufa za ukuta wa chokaa kwa saruji ni kosa kubwa, wala si la fundi peke yake: mwenye kulipa hutaka kazi iishe kwa wiki moja, na chokaa haina haraka hiyo.

Kuporomoka kwa sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib mjini Unguja tarehe 25 Desemba 2020, na watu kupoteza maisha, kulionyesha kwa uchungu kwamba majengo haya hayajitunzi. Kidichi hutembelewa na watalii wanaozungushwa kwenye mashamba ya viungo. Unyevu umeingia kutani na kuvu imetia doa baadhi ya nakshi. Inahitaji chokaa iliyolowekwa vizuri, fundi anayeijua, na paa lisilovuja.

Hamamni ya mjini, aliyoijenga Seyyid Barghash kwa ajili ya watu wote, itaelezwa katika makala ijayo.