Umemwona bosi kwa video? Mpigie simu kwanza

Mapema mwaka 2024, polisi wa Hong Kong walitangaza kisa ambacho ungedhani ni cha filamu. Mfanyakazi wa idara ya fedha alipata ujumbe uliodai kutoka kwa mkuu wa fedha wa kampuni, aliyeko Uingereza: kuna malipo ya siri, yafanywe. Akashuku. Hata wewe ungeshuku.

Kisha akaalikwa kwenye kikao cha video. Akamwona mkuu huyo, akawaona na wenzake wengine, sura ni zao na sauti ni zao. Shaka ikamwisha. Akatuma pesa mara 15, jumla dola milioni 200 za Hong Kong, yaani zaidi ya Sh3 bilioni za huku kwetu. Alipouliza makao makuu baadaye, ndipo akajua. Kwenye kikao kile binadamu halisi alikuwa yeye pekee. Na kampuni yenyewe ni Arup, wahandisi walioshiriki kujenga Sydney Opera House, si kakibanda ka mtaani.

Wezi walitoa wapi hizo sura? Mtandaoni tu, kwenye video ambazo wakubwa hao walikuwa wamerekodiwa awali.

Programu ya akili unde hulishwa picha nyingi za mtu hadi ijue uso wake unavyosonga anapocheka, anapogeuka, anapotamka neno. Kisha huuchora uso huo juu ya mwendo wa mtu mwingine. Programu za sasa hazihitaji hata huyo mtu mwingine: huanza na chengachenga kama za TV ya zamani, zikazisafisha hatua kwa hatua mpaka picha itokee. Sauti ndiyo rahisi zaidi. Mwaka 2023 Microsoft walionyesha mtambo unaoiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde tatu tu. Status yako moja ya WhatsApp inatosha.

Usitegemee macho. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waligundua kuwa watu wa video feki hawakuwa wakipepesa macho ipasavyo, kwa sababu picha nyingi zilizofunza programu zilikuwa za watu waliofungua macho. Haikuchukua muda, feki zikaanza kupepesa.

Wanaoumia zaidi, lakini, si makampuni. Ni wasichana ambao nyuso zao hubandikwa kwenye miili ya uchi na kurushwa kwenye magrupu. Wanaofowadi hudhani ni mzaha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao, kifungu cha 37, inasema anayesambaza picha za aibu za mtu mwingine anaweza kupigwa faini ya hadi Sh200,000, kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili.

Kuna hasara nyingine isiyozungumziwa sana: mheshimiwa akinaswa kwenye video ya kweli, atasema tu "hiyo ni AI", na nusu ya watu watamwamini.

Kwa pesa, dawa ipo na ni ya bure. Sauti yako ikimlilia mamako kwamba umekwama na unahitaji M-Pesa sasa hivi, akate simu, akupigie kwa namba yako anayoijua. Au mkubaliane swali moja ambalo jibu lake halijawahi kupostiwa popote, kama jina la yule mbuzi aliyekula sare yako ya shule.