Jua, Joto na Utando wa Kijani: Kwa Nini Kuchemsha Maji ya Bwawa Hakutoshi

Mvua zinapokatika katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, maji ya malambo na mabwawa hutulia, tope huzama na maji huanza kung'aa. Mwonekano huo huwavutia wachotaji, lakini ndio mazingira yanayopendwa na sianobakteria, viumbe vidogo vinavyofahamika pia kama mwani wa kijani-buluu. Baadhi ya aina zake hutengeneza sumu inayodhuru ini, mishipa ya fahamu na ngozi ya binadamu na mifugo.

Sianobakteria hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mimea. Wakati wa masika, udongo unaosombwa kutoka mashambani huyachafua maji na kuzuia mwanga, ingawa udongo huohuo huleta fosforasi na naitrojeni, yaani mbolea. Kiangazi kinapoingia, mbolea tayari imo majini na pazia la tope limeondoka.

Baadhi ya aina, ikiwemo Microcystis inayopatikana kwa wingi katika Ziwa Victoria, zina vifuko vidogo vya hewa ndani ya seli. Vifuko hivyo huziinua seli hadi juu penye mwanga. Mchana, sukari inayotengenezwa kwa nguvu ya jua huongeza uzito na seli huzama. Usiku sukari hiyo hutumika na seli huelea tena. Ndiyo maana utando huweza kuonekana mnene zaidi alfajiri ya siku isiyo na upepo, saa ambayo wengi huwa wameshafika bwawani na ndoo zao. Ukishatanda, huwanyima mwanga washindani waliobaki chini.

Joto nalo lina kazi yake. Aina nyingi za sianobakteria hukua kwa kasi maji yanapozidi nyuzi joto 25 za Selsiasi, kiwango ambacho mwani wa aina nyingine nyingi hauhimili ushindani. Aidha, maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kukaa kama tabaka la peke yake, hali inayowafaa viumbe wanaoelea.

Wapo wanaodhani kuwa ubaridi wa nyanda za juu ni kinga tosha. Dhana hiyo ni kweli kwa sehemu tu. Usiku wa baridi hupoza maji ya juu, yakazama na kuchanganyika na ya chini. Lakini lambo lenye kina kifupi, lisilo na kivuli wala upepo, hupata joto haraka jua linapopanda.

Hata hivyo, joto bila mbolea halitoshi, na maziwa makuu mawili yanathibitisha hilo. Ziwa Victoria, linalopokea virutubisho kutoka mashambani na mijini, limetawaliwa na sianobakteria tangu miaka ya 1980, na sumu yake imewahi kupimwa katika Ghuba ya Mwanza. Katika Ziwa Tanganyika, ambako Mto Malagarasi humwaga maji yake, tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionesha kuwa joto la karne ya 20 lilipunguza mchanganyiko wa maji, virutubisho vikabaki kilindini, na uzalishaji wa mwani kwa ujumla ukakadiriwa kupungua kwa takriban asilimia 20. Bwawa dogo la kijijini, kwa kina chake na samadi inayoingia humo, linafanana zaidi na ghuba za Victoria.

Jambo ambalo kila kaya inapaswa kulifahamu ni kuwa kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi sumu hii. Seli hupasuka na kuimwaga zaidi majini. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 1 tu ya sumu ya maikrosistini kwa lita ya maji ya kunywa kwa matumizi ya muda mrefu. Huko Caruaru, Brazil, mwaka 1996, wagonjwa zaidi ya 50 wa figo walifariki baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye sumu hiyo.

Utambuzi wa awali ni rahisi. Kijiti kikichovywa na kutoka na nyuzi ndefu, huenda ni mwani wa kawaida; kikitoka kimepakwa kama rangi, maji hayo yasitumiwe, mifugo iondolewe, na taarifa itolewe kwa Bwana Afya au ofisi ya RUWASA ya wilaya. Samaki wa bwawa hilo wasiliwe hadi wataalamu watakapotoa maelekezo. Kaya zitumie kisima kirefu au chemchemi iliyohifadhiwa hadi maji yapimwe.

Kwa upande wa kuzuia, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Nyasi na miti katika ukanda huo hunasa udongo na samadi kabla ya kufika majini, na kivuli chake hupunguza jua na joto katika mabwawa madogo.