Sauti Ikipungua, Fundisha



Ukipita Milanzi, hapa Sumbawanga, jioni ya Jumamosi wakati upepo wa baridi wa Ufipa unavuma, sikiliza kwaya ikifanya mazoezi. Sikiliza hasa sauti ya kwanza. Mara nyingi utagundua kwamba wimbo mzima unabebwa na akina mama wawili au mmoja. Wengine wanafuata nyuma. Siku mama huyo akiugua, wimbo unaanguka.

Nina kosa la kuungama. Miaka iliyopita, katika parokia moja niliyohudumu, mama aliyeongoza sauti ya kwanza kwa muda mrefu alianza kushindwa noti za juu. Nilimshauri apumzike, vijana wapate nafasi. Alinijibu, “Sawa, Baba.” Hakurudi tena mazoezini, na mabinti wale wakabaki bila mtu wa kuwaonyesha namna ya kuvuta pumzi. Nilihurumia masikio ya waumini. Kumbe nilikuwa nimefunga shule.

Nilimkumbuka niliposoma maisha ya Dorothy Maynor, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1910 huko Norfolk, Virginia, binti wa mchungaji wa Kimethodisti. Alisomea muziki Hampton. Mwaka 1939 Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, alimsikia akiimba, akamsifu mno. Novemba mwaka huohuo aliimba katika ukumbi wa Town Hall, New York, na jina lake likavuma.

Hata hivyo, ngozi yake ilimfungia milango. Jumba kubwa la Metropolitan Opera lilimpokea mwimbaji mweusi wa kwanza, Marian Anderson, mwaka 1955 tu. Maynor aliimba nyimbo za opera kwenye matamasha, lakini hakuwahi kupewa nafasi ya kuigiza jukwaani.

Alipoacha kuimba hadharani, hakukaa kuhesabu machungu. Mwaka 1964 alianza kufundisha muziki watoto wa Harlem, katika kanisa la Kipresbiteri la St. James ambako mumewe alikuwa mchungaji. Walianza wachache. Alipong'atuka mwaka 1979 walikuwa mamia, na shule hiyo, Harlem School of the Arts, ipo mpaka leo. Mwaka 1975 Metropolitan, iliyomnyima jukwaa, ilimwita kuwa mjumbe wa bodi yake.

Ndugu msomaji, tunaujua mfano wa talanta. Tunamlaumu mtumishi aliyefukia yake ardhini. Lakini unaweza kuitumia talanta miaka thelathini, ukasifiwa kila Dominika, kisha ikazikwa pamoja nawe kwa kuwa hukumwachia mtu. Ndiyo maana Paulo alimwagiza Timotheo akabidhi alichopokea kwa watu waaminifu, nao wawafundishe wengine.

Wewe unayeongoza sauti, chagua leo mabinti wawili, uketi nao. Nasi mapadre na viongozi wa kwaya, sauti ya mzee ikipungua, tusimwonyeshe mlango. Tumpe kiti mbele ya wanaojifunza.

Nilikwenda kwa mama yule kumwomba radhi. Alinisamehe. Ila alisema sauti imeshaondoka, na moyo wa mazoezi umeondoka nayo. Wako bado yupo kwenye benchi la kwaya. Usichelewe.

Dominika njema.